Haulizwi Ataondoka Lini

Kitu cha kwanza Noel alichopanda baada ya kurudi Mitundu kilikuwa mchicha. Cha pili, mchicha. Mara ya tatu mama yake alimwambia kuwa jirani ana vipando vizuri vya muhogo na shamba la nyuma ya nyumba liko wazi. Noel akashukuru sana, akachukua jembe, akaenda kupanda mchicha.

Aneth, mdogo wake, aliyaona hayo yote kupitia dirisha la jikoni, na moyo wake ukaanza kuwasha kwa maswali. Mchicha hukaa ardhini wiki tatu. Muhogo hutaka mwaka na zaidi. Mtu aliyelelewa na wakulima hawezi kusahau hesabu hiyo hata akiishi Marekani miaka tisa. Sasa huyu alikuwa na hamu ya mboga tu, au alikuwa na kalenda yake ambayo hakuna mwingine aliyeiona?

Angemuuliza, lakini kwao mgeni haulizwi ataondoka lini. Marehemu baba yao, mzee Laurian, alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko hata kwa sala ya jioni. Alisema ukimuuliza mtu siku ya kuondoka ni kama umemtolea mzigo wake mlangoni. Akae siku mbili au miezi miwili, ataaga mwenyewe. Na Noel, ingawa alizaliwa ndani ya nyumba hiyohiyo, alifika mwezi wa tisa na begi la magurudumu, akapewa kitanda cha wageni, akachinjiwa jogoo. Mambo hayo matatu yakamfanya mgeni, na hakuna aliyejua namna ya kuyatengua.

Kuuliza ndiyo ilikuwa kazi ya Aneth. Alisomea famasia chuoni miaka mitatu, na sasa alikuwa mtoa dawa wa zahanati. Nyuma ya kidirisha chake kidogo aliwauliza watu wazima mambo ambayo hata wake zao hawakuwahi kuwauliza. Choo unapata? Dozi ya kwanza ulimaliza? Mwenzako umemwambia, au umekuja kimyakimya? Kwenye kidirisha aliweza. Akitoka nje yake, sauti ilipungua mpaka watu walimwinamia ili wamsikie.

Kwa hiyo badala ya kuuliza, aliangalia.

Aliona kwamba begi halikuwahi kutolewa nguo zote. Noel alitoa shati, akalivaa, akalifua, likikauka akalikunja na kulirudisha ndani, akavuta zipu. Misumari mitatu ya kutundikia nguo ilikuwa mitupu ukutani. Aliona pia kwamba wiki za mwanzo kaka yake alipanda kichuguu cha nyuma ya choo mara kumi kwa siku kutafuta mtandao, akaiinua simu juu, akasoma kitu, akashuka uso ukiwa uleule. Halafu siku moja alimfuata Aneth akamkabidhi ile simu.

"Nitunzie. Usinipe hata nikiomba."

"Kwa muda gani, kaka?"

"Wewe nitunzie tu."

Aliificha kwenye kapu la nguo zake na hakulala vizuri siku mbili kwa kuwaza kuna nini ndani yake.

Tangu siku aliyoitoa simu, Noel akaanza kutembea. Jua likichomoza tu anaelekea porini, anarudi chai ikiwa mezani, mikono mitupu. Jenipher, aliyeuza maandazi njia panda na kupitiwa na kila habari kabla haijafika kwa mwenyewe, hakuweza kunyamaza.

"Aneth, huyo Mmarekani wako anakwenda wapi? Kuni harudi nazo, uyoga harudi nao."

"Ni mazoezi, dada Jenipher."

"Mazoezi! Aje hapa nimpe ndoo nne za maji afanye mazoezi yenye faida."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Aneth naye akacheka, akanunua maandazi matano, na njia nzima akawa anajiuliza ni mazoezi gani yanamrudisha mtu na magome ya mti kwenye suruali.

*

Mwishoni mwa Oktoba, Jumamosi moja, mama yao Marietha alifagia chumba cha wageni na karatasi ikaanguka kutoka chini ya mto. Akaileta jikoni ameishika kwa ncha za vidole.

"Nisomee. Wewe Kiingereza unakijua."

"Mama, hii ni ya kaka."

"Sijakuambia uiibe. Nimekuambia uisome."

Aneth akaisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa sauti. Ilikuwa ruhusa ya kusafiri. Noel ameomba ukaazi kupitia nyumba ya kulelea wazee anakofanya kazi, na ombi bado halijajibiwa. Ameruhusiwa kutoka na kurudi bila ombi hilo kufutwa, mradi awe amerudi si zaidi ya tarehe kumi na mbili Desemba.

"Na akipitiliza?" mama akauliza.

"Ombi linakufa."

Marietha akaketi kwenye kigoda. Wote wawili walikuwa wanafikiria jambo lilelile. Miaka mitatu iliyopita, mzee Laurian alipofariki, Noel hakuwa na karatasi kama hiyo. Angepanda ndege angepoteza kila kitu, kwa hiyo alizika kwa simu. Aneth ndiye aliyeishika ile simu kaburini, mkono umenyooka mpaka bega likafa ganzi, na padri alipoanza kunyunyiza maji ya baraka picha ikaganda. Kule ng'ambo Noel alibaki na picha ya koti la mtu. Yalipita masaa mawili ndipo akaandika: *Mmeshamaliza?*

"Sasa wamempa," Marietha akasema. "Baba yake akiwa ameshaoza, ndiyo wamempa."

"Tumuulize, mama?"

"Tusimuulize. Mimi sikumwita na simfukuzi. Akirudi huko, asije akasema mama alinisukuma. Akikaa, asije akasema mama alinizuia. Irudishe palepale ilipokuwa. Na nisisikie umemwambia ninalia, kwa sababu silii."

Alikuwa analia. Aneth akairudisha karatasi chini ya mto, akaulaza mto kama alivyoukuta.

*

Aliyefungua mambo bila kukusudia alikuwa baba mdogo Gervas, mdogo wa marehemu. Gervas alikuwa mfugaji nyuki wa kufa na kupona. Alipokuja kuamkia, nguo zake zilinuka moshi, na hakuketi mpaka aambiwe mara tatu.

"Shikamoo, baba mdogo," Aneth akamwamkia.

"Marahaba, mama. Noel yuko?"

"Ametembea."

"Afadhali." Akamgeukia Marietha, akashusha sauti. "Shemeji, kuna jambo linanisumbua. Mwezi wa kumi nilitundika mizinga minane. Saba imeingia nyuki. Ule wa nane, niliomtundikia Noel, mtupu. Na huo ndio niliochagua mti mzuri kuliko yote! Mninga, kivuli, maji karibu. Nimeupaka nta mwenyewe."

"Labda bado," Marietha akasema.

"Bado ya nini? Miombo imechanua yote. Kuna mtu anawafukuza. Shina limechubuka kama ngazi ya ghala. Nyuki, shemeji, hawahami kama ng'ombe. Wanatuma kwanza wawili watatu waje kukagua. Wakikuta pametulia, wanakwenda kuwaita wenzao. Wakikuta mtu anagonga na kuchungulia, wanasema nyumba hii ina mwenyewe, wanapita. Mzinga ukishautundika unauacha. Mtoto wa miaka sita hapa analijua hilo. Sasa ni nani mwenye chuki na kijana wa watu?"

Aneth alikuwa amebeba kikombe cha chai cha baba mdogo. Akasimama nacho katikati ya uwanja. Akayakumbuka yale magome kwenye suruali.

"Mbona umesimama kama mlingoti?" mama akamuuliza. "Mpe baba yako chai."

Jumamosi iliyofuata Aneth hakuwa na zamu. Noel alipotoka, alimpa nafasi ya kufika njia panda, akajifunga kitenge na kumfuata. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake, na nyayo za viatu vya Marekani zilisomeka njiani vizuri kama maandishi. Zilikata kulia kwenye mto mkavu, zikapita kichaka cha miiba, zikaishia chini ya mninga.

Kaka yake alikuwa juu. Ameketi kwenye panda, mguu mmoja unaning'inia, sikio amelibandika kwenye mzinga kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Akagonga gogo kwa kidole, mara mbili. Akasikiliza. Akaweka jicho kwenye tundu.

"Kaka."

Noel nusura aachie tawi. "Aneth! Unataka uzike mtu leo?"

"Unafanya nini huko?"

"Naangalia kama wameingia."

"Kila siku?"

Alifikiri kama adanganye au asidanganye. "Siku nyingine mara mbili."

"Shuka," Aneth akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Alishuka. Aneth akamweleza yale ya baba mdogo, nyuki wawili watatu wanaotangulia, na mizinga saba iliyojaa. Noel alisikiliza akijipangusa magome, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika kiuno, na Aneth alipotaka kucheka naye, akagundua kwamba kicheko kilikuwa kimeshapita na kilichobaki ni kitu kingine. Akamngoja.

"Nilikuwa nalijua," Noel akasema mwishowe. "Kwamba mzinga hauguswi. Baba alinifundisha kabla hata hujazaliwa. Nikifika hapa chini najiambia, leo nitapita tu. Halafu najikuta juu."

Wakakaa kwenye mzizi.

"Kule kuna ukurasa kwenye mtandao," akaendelea. "Unaandika namba yako, unaambiwa ombi lako limefika wapi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naangalia mara moja kwa wiki. Mwaka wa tatu naangalia kabla sijanawa uso. Namuogesha mzee wa watu, namvika, nafuta mikono, naangalia. Miaka sita, Aneth, maneno ni yaleyale. Limepokelewa, linashughulikiwa. Nayajua mpaka nukta ilipo."

"Na ungeacha kuangalia?"

"Nilihisi siku nitakayoacha ndiyo watajibu, na nitakuwa sijaona."

Aneth alikuwa na maswali mengi hata hakujua aanze na lipi. Akaanza na dogo. "Ulikuwa unaishi wapi? Picha zako zote ni za nje."

"Chumba kizuri tu. Hakikuwa na kitanda."

"Hawakukupa?"

"Ningenunua. Fedha ilikuwepo. Nilikuwa nikienda dukani, naviangalia, navibonyeza, naondoka. Kitanda ni cha mtu anayejua atakaa. Nililala kwenye godoro sakafuni miaka sita. Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi alinitania kwamba ni ubahili, nikamwacha aamini hivyo."

"Ndiyo maana mchicha."

"Mchicha umefanyaje?"

"Hukupanda muhogo."

Noel akageuka kumtazama. Ilionekana wazi kwamba hilo hakuwahi kulifikiria. Mbele yao mchwa wa mvua walikuwa wanatoka shimoni mmojammoja na kupaa, na wote wawili wakawaangalia.

Aneth alijua kwamba kama hatauliza hapo, hatauliza tena. Akajifanya yuko nyuma ya kidirisha chake, mwanga wa zahanati juu ya kichwa, na huyu ni mgonjwa wa kumi na tano wa asubuhi, jina Noel, ana umri wa miaka thelathini na sita.

"Kaka, unaondoka lini?"

Noel akarudi nyuma kama aliyemwagiwa maji. "Baba angekuchapa!"

"Angenichapa. Unaondoka lini?"

"Tiketi ni ya tarehe tisa. Kuna karatasi..."

"Inaisha kumi na mbili. Ninajua."

"Unajua?"

"Na mama anajua. Tangu mwezi uliopita."

"Na mmekaa kimya!"

"Tungekuulizaje? Umelala kitanda cha wageni."

Alifikicha uso kwa viganja vyote viwili. Alipoitoa mikono, alisema kwa sauti ndogo, kana kwamba ofisa amejificha nyuma ya mninga. "Siondoki. Nilijua tangu wiki ya pili. Nilikuwa nangoja tarehe kumi na mbili ipite, ombi life lenyewe."

"Kwa hiyo bado unasubiri."

Noel akabandua gome lililonata kwenye suruali yake.

"Nina wagonjwa wa namna hiyo," Aneth akasema. Alikuwa anaongea na mchwa, si naye. "Dawa zimemshinda. Haji kuniambia zimemshinda, nimpe nyingine. Anaziweka kabatini, anangoja ziishe muda. Hakumeza, hakuacha. Na kila akilifungua kabati anaziona."

"Una maneno siku hizi."

"Huwa nayasema dirishani."

Noel alitabasamu kidogo, halafu tabasamu likaisha. "Sikiliza. Tarehe ikipita yenyewe, ni wao walioninyima. Nikiandika kwa mkono wangu, ni mimi niliyetupa miaka tisa. Ni mimi niliyemwacha baba azikwe bila mimi, kwa ajili ya kitu ambacho nimekitupa. Hilo nitalifanyaje?"

Aneth alitafuta jibu. Alilitafuta kwa dhati, kwa sababu alimpenda, na hakulipata. Chuoni hawakuwafundisha dawa ya hilo.

"Sijui," akasema. "Wale wazee uliwaogesha?"

"Niliwaogesha."

"Basi hiyo kazi uliifanya. Haikutupwa." Akavuta pumzi. "Ya baba sijui, kaka. Mimi nilikuwepo, na bado sijui."

Walikaa pale mpaka jua likawafikia miguuni. Ndipo Noel akasimama, akajikung'uta, akaomba simu yake.

*

Mtandao mzuri wa Mitundu ulikuwa kwenye ngazi za zahanati, ngazi ya tatu, ukiegemea nguzo ya kushoto. Aneth alikuwa anaijua kwa sababu wagonjwa wote waliitumia. Noel akaketi hapo, akaandika kwa Kiingereza kwa mkuu wa nyumba ile ya wazee, nakala kwa mwanasheria. Akaandika, akafuta, akaandika. Akampa Aneth asome.

Yalikuwa mambo machache. Alishukuru. Aliomba ombi lake la ukaazi liondolewe. Alimtaja mzee mmoja kwa jina, akawakumbusha kwamba huwa hapendi maji yawe ya moto sana. Na mwishoni akasema kwamba ameamua kubaki nyumbani kwa sasa.

Aneth aliirudia sentensi ya mwisho. Aibu ikampanda shingoni, maana hii haikuwa kazi yake.

"Futa 'kwa sasa'," akasema.

Noel aliangalia kioo cha simu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawasalimu, akapita. Kidole kikafuta herufi mojamoja, kutoka nyuma kwenda mbele, kikabonyeza. Duara dogo likazunguka na kuzunguka, likaacha.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

Hakuruka wala hakulia. Alisema ana njaa.

Nyumbani walimkuta Marietha anachekecha unga. Noel akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja mtungi.

"Mama, Aneth ameniuliza naondoka lini."

"Aneth!" Chekeche likasimama hewani. "Nimekulea mimi, au nani?"

"Nimemwambia siondoki," Noel akamalizia. "Nimeshaandika. Nimefuta ombi."

Marietha akaangalia mmoja, akaangalia mwingine. Akaendelea kuchekecha, lakini unga sasa ulikuwa unaanguka nje ya ungo, kwenye kanga yake, na hakuona.

"Basi toka kwenye kile kitanda," akasema. "Hicho ni cha wageni. Kuna chumba cha nyuma, kimejaa magunia ya alizeti. Kayatoe mwenyewe, mimi mgongo unaniuma."

*

Siku ya pili yake, baada ya misa, mama akamtuma Noel kwa mwenyekiti wa kitongoji akaandikishwe. Noel akamwomba Aneth amsindikize. Alivaa shati lililopigwa pasi, na njiani mara mbili Aneth alimuona akijifuta viganja kwenye suruali.

Mwenyekiti, mzee Calist, alikuwa barazani anabangua karanga. Wakamwamkia, akaitikia, akawaonyesha benchi, akavuta daftari la wakazi kutoka chini ya kiti.

"Noel wa Laurian," akasema akiandika. "Umetoka Marekani. Unapita au unakaa?"

"Nakaa, mzee." Noel akaketi wima. "Niliingia tarehe tatu Septemba kupitia Dar es Salaam. Sina kesi yoyote. Sijawahi kushtakiwa. Kazi nilifanya moja tu, kwa miaka sita, na mwajiri wangu anaweza kuthibitisha. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi, na chuo..."

Mzee Calist aliacha kuandika. Akamtazama Aneth, kana kwamba yeye ndiye mkalimani.

"Nani amemuuliza hayo?"

"Hakuna, babu," Aneth akasema.

"Mimi huyu nimemuona amezaliwa. Mama yake aliposhikwa na uchungu, nilitumwa kwa baiskeli kwenda kumwita mkunga, nikaanguka nayo, na kovu ninalo hapa. Sasa ananitajia mwajiri." Akapuliza maganda ya karanga kutoka kwenye ukurasa, akamalizia mstari, akafunga daftari. "Haya. Tayari."

"Tayari?" Noel akauliza. "Hakuna kingine? Kusubiri jibu?"

"Jibu la nani?"

Noel akalitazama daftari lililofungwa. Alibaki ameketi palepale, mikono magotini, na Aneth alimwangalia kwa shauku kubwa, maana hakuwahi kumuona mtu akipewa kitu asijue akishike wapi.

"Ila kuna zamu ya ulinzi," mzee Calist akasema, akirudi kwenye karanga zake. "Kila mwanaume wa kitongoji anapangiwa zamu. Wewe nimekuweka Alhamisi, pamoja na Yeremia. Njoo na tochi, na usivae hivyo viatu, vinapiga kelele."

"Alhamisi hii?"

"Hii."

"Halafu?"

Mzee akamtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyekuwa mgonjwa muda mrefu.

"Halafu Alhamisi nyingine," akasema. "Na inayofuata. Unafikiri wezi wanakuja mara moja?"